Wati za kupasha hewa moto: kupandisha ufanisi wa amplifaya ya transmita ya FM

Simama nyuma ya transmita yako saa nane mchana, uweke kiganja pale feni inapotolea hewa. Ule upepo wa moto umeulipia, ama kwa LUKU ama kwa dumu la dizeli, na hakuna msikilizaji hata mmoja anayeusikia. Katika vituo vidogo nilivyopita, redio jamii za wati 100 hadi 500, nimekuta mara nyingi nusu ya umeme unaoingia kwenye amplifaya ikitokea hapo kwenye feni. Transista haikuharibika. Imefungwa vibaya tu, au inafanya kazi ndogo kwa volti kubwa.

Mwongozo huu ni wa fundi wa kituo cha aina hiyo: transmita ya FM, masafa kati ya 87.5 na 108 MHz, transista za nguvu za MOSFET au za aina mpya zaidi, LDMOS, za volti 50. Mfano nitakaoutumia ni amplifaya ya wati 300 inayotumika kutoa wati 150, kwa sababu hali hiyo ipo kila mahali. Mtu hununua kubwa "ili isichoke", kisha leseni inamruhusu nusu.

Kwanza jambo moja la kuelewa, maana hatua zote zinalitegemea. Wimbi la FM halibadiliki kimo. Sauti inabebwa na masafa yanayotikisika, kimo kinabaki palepale. Kwa hiyo transista ya FM unaweza kuisukuma hadi dari bila kuharibu sauti. Wenzetu wa mitandao ya simu hawana bahati hiyo. Mawimbi ya 4G yanaruka juu na chini muda wote, na ndiyo maana minara yao inatumia mbinu aliyoibuni William Doherty wa Bell Labs mwaka 1936, ya amplifaya mbili zinazosaidiana: moja kwa mzigo wa kawaida, ya pili kwa vilele. Ukikutana na makala ndefu kuhusu Doherty, soma kwa faida yako, lakini kwa FM huihitaji.

Unachohitaji ni kuhakikisha volti kwenye dreni ya transista, mguu unaolishwa umeme na kutoa nguvu, zinapanda na kushuka hadi mwisho wa nafasi iliyopo. Zikiishia nusu ya njia, nafasi iliyobaki inageuka joto. Kwa nadharia, amplifaya ya daraja A (transista inapitisha mkondo muda wote) haivuki ufanisi wa asilimia 50, ya daraja B (nusu ya muda) inafika 78.5, na ya daraja C (chini ya nusu) inapita hapo. Kwa vitendo, MOSFET za zamani kama BLF278 zikifungwa vizuri hukupa 60 hadi 70, na LDMOS za siku hizi huweza kukaribia 80. Ukipima ukapata 48, kuna kitu cha kufanya.

Kabla hujagusa kitu

Uwe na dami lodi (mzigo wa bandia unaofungwa mahali pa antena) ya omu 50 inayobeba nguvu yako yote kwa muda mrefu, wati-mita ya kupitisha kama Bird 43, multimita mbili, na shanti, kipande cha upinzani mdogo cha kupimia mkondo, ya ampea 10 kwa milivolti 75. NanoVNA, kifaa kidogo cha kupimia antena na kebo, ni nafuu na itakufaa, ila usiichomeke kwenye antena wakati transmita nyingine inarusha kwenye mnara huohuo. Nguvu inayodakwa na antena yako inaweza kuiua kwa sekunde moja.

Zima, subiri kapasita zimwage chaji, ndipo ufungue. Kuungua kwa mawimbi ya redio si kama kuungua na pasi: kidonda kinaanzia ndani, ngozi juu ni alama ndogo nyeupe, na kinachelewa kupona. Na tafadhali, transista za zamani zenye kauri nyeupe usizipige tupa wala kuzivunja uone ndani. Baadhi, BLF278 ikiwemo, kauri yake ina oksidi ya beriliamu, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu ni sumu.

Hatua ya 1: Pata namba ya kweli

Ufanisi wa dreni ni wati zinazotoka, gawanya kwa volti mara ampea zinazoingia. Hesabu ni rahisi. Tabu iko kwenye kupima.

Volti zipime kwenye bodi ya amplifaya yenyewe, si kwenye pawa saplai, kwa sababu waya wa katikati nao unakula. Ampea zipime kwa shanti iliyofungwa upande wa pawa saplai, mbali na mawimbi. Klampu mita karibu na amplifaya inachanganyikiwa. Nimeiona ikisoma ampea 14 mahali penye 6. Kwenye shanti hiyo, ampea 6 zitasomeka milivolti 45.

Wati-mita nayo ina lake. Usahihi wa Bird 43 ni asilimia 5 ya kipimo chake kamili, si ya kile unachosoma. Ukiweka elementi (kile kipande cha kuchomeka kinachoamua kipimo) ya wati 1000 kupima wati 150, kosa linaweza kuwa wati 50 juu au chini, na hapo hujapima chochote. Weka ya wati 250: kosa ni wati 12.5. Bado ni kubwa, lakini ukitumia elementi hiyohiyo mwanzo hadi mwisho, utaona mabadiliko vizuri hata kama namba yenyewe imeegemea upande.

Amplifaya yetu ya mfano, kwenye dami lodi: volti 50, ampea 6.1, wati 150. Zinaingia 305, zinatoka 150. Asilimia 49. Wati 155 ni joto. Andika kwenye daftari pamoja na joto la chumba na la hitisinki, lile bamba lenye mapezi linalopoza transista.

Hatua ya 2: Mnara kwanza

Najua unataka kuishika amplifaya. Ngoja.

Kituo kimoja cha kandokando ya ziwa waliniita kwa sababu "transmita imechoka". Nilikaa siku mbili ndani, nikabadilisha kapasita, nikarekebisha hiki na kile, nikapata asilimia tatu za furaha. Siku ya tatu kijana wa kupanda mnara akafungua konekta ya juu, maji yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Hayo maji yalikuwa yanakula nguvu kuliko kosa lolote nililokuwa nalitafuta chini. Tangu siku hiyo naanzia juu.

Angalia mawimbi yanayorudi. SWR, uwiano unaoonyesha kiasi kinachorudi, ikiwa 1.5 kwa 1 inarudisha asilimia 4, ambayo unaweza kuivumilia. Ikifika 2 kwa 1 ni asilimia 11, na 3 kwa 1 ni robo nzima. Transmita nyingi hapo hujipunguza zenyewe. Zaidi ya kile kinachorudi, mzigo mbaya unaifanya transista ione omu isizozitaka, na ufanisi unashuka hata kama wati zinaonekana sawa.

Halafu kebo. Kwa masafa ya 100 MHz, RG-213 hupoteza takribani desibeli 6.5 kwa kila mita 100. Kebo ya nusu inchi ya bomba la shaba lenye mikunjo hupoteza kama 2.2, na ya inchi saba ya nane kama 1.2. Chukua mita 40 kutoka chumbani hadi antena. Ukirusha wati 150, RG-213 inafikisha 83 hivi. Nusu inchi inafikisha 122. Ile nene inafikisha 134. Yaani kwa RG-213, karibu nusu ya kile ulichohangaika kukizalisha kinapasha mnara joto.

Sasa sikiliza vizuri hapa: ukibadilisha kebo, huruhusiwi kujipandishia nguvu kimyakimya. Leseni inahesabu nguvu inayotoka kwenye antena, na TCRA kwa walio Tanzania, au Mamlaka ya Mawasiliano kwa walio Kenya, wana haki ya kuja kupima. Faida yako ni kwamba unaweza *kushusha* transmita ukabaki na usikivu uleule. Zile wati 83 kwenye antena sasa unazipata kwa kutoa kama 102 chini. Kabla hujagusa transista, umeokoa theluthi.

Hatua ya 3: Shusha volti, acha msukumo

Hapa ndipo penye utamu wa mwongozo wote.

Fundi akiambiwa apunguze nguvu kutoka wati 300 hadi 150, anafanya nini? Anakwenda kwenye eksaita, kifaa kinachotengeneza wimbi dogo la FM la kuisukuma amplifaya, anapunguza msukumo huo hadi mita isome 150, anafunga mlango. Nguvu imeshuka kweli. Lakini volti za dreni sasa zinacheza asilimia 70 tu ya nafasi yake, na ufanisi umeshuka kwa kiwango hichohicho: kama ulikuwa asilimia 70 kwa nguvu kamili, sasa ni 49. Ndiyo namba tuliyoipata hatua ya 1.

Njia nyingine ni kushusha volti za umeme wenyewe. Nguvu inafuata volti kwa kipeo cha pili. Ukitaka nusu ya nguvu, gawanya volti kwa 1.41: 50 inakuwa 35.4. Ukitaka wati 200 kutoka kwenye amplifaya ya 300, ni kama volti 41. Kwa wati 100 ni 29. Ongeza kidogo juu ya hesabu, maana transista haiwezi kushuka hadi sifuri kabisa.

Nilipofunga pawa saplai ya volti 36 kwenye amplifaya ya namna hii, kwenye dami lodi, daftari langu lilisomeka hivi: volti 36, ampea 6.0, wati 150. Zinaingia 216. Asilimia 69.

Tazama ampea. Zilikuwa 6.1, zimekuwa 6.0. Mkondo haukubadilika! Transista inahitaji mkondo uleule kwa kazi ileile. Kilichotoweka ni zile volti 14 ambazo hazikuwa na kazi. Joto limeshuka kutoka wati 155 hadi 66. Feni iliyokuwa ikipiga kelele kama ya mashine ya kusaga ilitulia hadi mtangazaji akaja kuuliza kama tumezima.

Namna ya kufanya:

1. Soma kitabu cha transmita kwanza. Nyingi za kisasa zinashusha volti zenyewe ukipunguza nguvu kwenye menyu. Kama yako ni hivyo, hakikisha kipengele hicho kimewashwa, kisha ruka hatua hii.

2. Kama hazishuki, angalia skrubu ya kurekebishia volti kwenye pawa saplai. Zile za volti 48 kwa kawaida hushuka hadi arobaini na kitu tu. Kufika 36 utahitaji pawa saplai nyingine.

3. Fuatilia waya wa volti 50 unalisha nini kingine. Mara nyingi feni, saketi ya bayasi (volti ndogo inayoiweka transista tayari) na ulinzi vinakula hapohapo. Ukishusha bila kuangalia, feni inazunguka kivivu au ulinzi unakataa kuwaka.

4. Washa kwenye dami lodi, msukumo ukiwa chini. Pandisha kidogokidogo. Utaona wati zikienda 95, 118, 136, 146, 149, 150. Pale unapoongeza msukumo na mita haisogei tena, transista imegusa dari. Rudi nyuma kidogo uache hapo. Kuendelea kusukuma ni kulipiga geti, mguu wa transista unaopokea msukumo, bure.

Ukishafika hapo nguvu inaamuliwa na volti, si na eksaita, na hilo lina faida na hasara. Faida: eksaita ikiyumba kidogo, nguvu haiyumbi. Hasara: pawa saplai ikiwa na mvumo, mvumo huo unapanda moja kwa moja kwenye wimbi. Kwa hiyo usiweke pawa saplai ya kuokoteza.

Usishuke chini sana vilevile. Volti zikipungua, kapasita iliyomo ndani ya transista yenyewe inakua, na ulinganisho wa omu uliotengenezwa kwa volti 50 unaanza kukosa shabaha. Mimi huwa sishuki chini ya 28. Ukihitaji wati 40 kutoka kwenye amplifaya ya 300, uza hiyo ununue ndogo.

Hatua ya 4: Bayasi

Amplifaya nyingi zinatoka kiwandani au kwenye kit zikiwa na mkondo wa kupumzika, unaopita hata bila msukumo, wa mia chache za miliampea, kana kwamba zitatumika kwa sauti ya watu wa redio za ridhaa. Kwa FM huuhitaji. Shusha volti za geti hadi mkondo wa kupumzika uwe karibu na sifuri, kisha rudia mtihani wa msukumo. Geini, yaani kiasi amplifaya inavyokuza wimbi, itapungua, kwa hiyo eksaita itabidi ipande kidogo. Utapata pointi mbili tatu za ufanisi, wakati mwingine zaidi. Kama eksaita yako haina pumzi ya kutosha, acha.

Hatua ya 5: Kipande cha kebo kinachodharauliwa

Kati ya amplifaya na filta ya kukata mawimbi ya juu, yale ya mara mbili au mara tatu ya masafa yako, kuna kipande kifupi cha kebo. Kila mtu anakifunga kwa urefu wowote unaofika. Lakini filta haili yale mawimbi ya juu, inayarudisha. Ukirusha 98 MHz, ile ya 196 MHz inagonga filta na kurudi kwenye transista, na hali inayoikuta inategemea urefu wa njia. Kwa kebo ya kawaida ya plastiki, sentimita 25 zinatosha kugeuza hali hiyo kabisa kwa masafa hayo.

Kwa hiyo tengeneza vipande vinne: sentimita 20, 30, 40 na 50. Badilisha kimoja kimoja, kila mara zima kwanza, na uandike ampea na wati. Nimewahi kupata tofauti ya asilimia 5 kati ya kipande kibaya na kizuri. Gharama yake ni mita moja na nusu ya kebo na konekta nane.

Kama amplifaya yako ina kapasita za kurekebisha upande wa kutokea, huu ndio wakati wake. Usifukuzie wati nyingi kuliko zote. Fukuzia uwiano: mahali ampea zinaposhuka huku wati zikibaki. Zungusha kidogo sana, kwa bisibisi ya plastiki. Ukiona kapasita mojawapo imebadilika rangi kuwa kahawia au solda yake imefifia, hiyo inakula nguvu. Ibadilishe na ya kauri ya mawimbi ya juu au ya maika yenye chuma, si ile ya duka la redio la mtaani hata kama namba zinafanana.

Hatua ya 6: Joto lililobaki

Transista yenye joto ina geini ndogo na upinzani mkubwa wa ndani, kwa hiyo joto linazaa joto. Safisha mapezi ya hitisinki kwa brashi na hewa. Pwani, chumvi na vumbi vinashikana kama udongo wa kufinyangia. Bara ni vumbi jekundu na, samahani, mijusi. Toa transista kama bolti zake zinaruhusu, futa girisi ya zamani iliyokauka, paka mpya nyembamba kiasi cha kuona chuma chini yake. Girisi nyingi ni blanketi. Kaza bolti kwa zamu, kidogo huku kidogo kule. Transista iliyosolderiwa kwenye bamba la shaba usiiguse.

Na chumba kiwe na njia ya hewa moto kutoka. Nimekuta transmita inavuta hewa ileile iliyoitoa, imezungukwa na maboksi ya kaseti za zamani.

Hatua ya 7: Pawa saplai

Kama bado unatumia transfoma nzito yenye regyuleta ya kuchoma volti, hasara yake pekee inaweza kula kila ulichookoa. Pawa saplai ya kisasa ya swichi hufikia asilimia 90 na kidogo. Hii ndiyo hatua ya kununua tu. Hakuna ufundi wa kueleza.

Kurudi hewani

Amplifaya inayogusa dari inatoa mawimbi ya juu mengi zaidi, na ikijitetemesha inaweza kuchafua hata masafa ya ndege, yaliyo juu tu ya 108 MHz. Kabla ya kurudisha antena, angalia spektra baada ya filta, kwenye dami lodi, ukipitia atenyueta ya kutosha isije ikachoma kifaa. TinySA, kifaa kidogo cha kuonyesha spektra, inatosha kwa ukaguzi wa kwanza. Tafuta mara mbili na mara tatu ya masafa yako, na chochote kinachochomoza pembeni ambacho hakikuwepo kwenye picha ya mwanzo. Kikichomoza kitu kisicho mara kamili ya masafa yako, amplifaya inajitetemesha yenyewe: rudisha bayasi au volti ulipotoka, uanze upya taratibu.

Ile amplifaya ya mfano, hatua ya 3 peke yake, imepunguza wati 89 kwenye dreni. Ukihesabu hasara ya pawa saplai ni kama 100 ukutani. Kwa saa 18 kwa siku ni yuniti 1.8, na kwa mwezi ni yuniti 54. Penye jenereta dogo la dizeli, linalokula kama theluthi ya lita kwa yuniti, ni lita 18 hivi. Bandika karatasi ndani ya mlango wa transmita: tarehe, volti, ampea, wati zinazokwenda, wati zinazorudi, joto la hitisinki. Pima tena baada ya wiki moja, saa ileile, chumba kikiwa na joto lilelile.